Bafle (spika) za kubeba kwa wanaopiga laivu Lubumbashi: nimezipanga hivi

Muuzaji alinigeuzia bafle mgongo ili nisome namba. "Yaya, angalia mwenyewe: wati elfu tano!" Ilikuwa ile ya magurudumu, taa za rangi zikizunguka ukingoni mwa buma, ile spika kubwa ya besi, mikro (maikrofoni) mbili zisizo na waya juu yake, betri ndani. Nikamwomba bisibisi. Betri tuliyoikuta humo ni ya asidi, imeandikwa volti 12, ampea-saa 4.5. Zidisha upate wati-saa 54. Ikilazimishwa kutoa wati elfu tano za kweli, inaisha kabla ya dakika moja. Tulicheka, yeye kunishinda mimi, kisha akaniuliza kama ninataka kuona nyingine.

Kikundi chetu kina magitaa mawili, ngoma, waimbaji watatu, na karindula, lile gitaa kubwa la pipa, siku mwenyewe akipatikana. Tunapiga harusini, matangani na kwenye sikukuu za lupango, yaani uani kwa watu, katika mitaa yetu ya Kenya, Katuba na Kamalondo, mara mojamoja mji wa Likasi. Kwa hiyo mpangilio huu ni wa mtu anayesimama mbele ya watu na chombo chake. DJ atazipanga kwa namna nyingine, na sina ugomvi naye.

Wati zisikutie wazimu. Nyingi zinazoandikwa kwa herufi kubwa ni za kilele, yaani za mpigo mfupi sana, si zile bafle inazoweza kuzitoa muda wote. Halafu ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti ambayo shangazi wa bibi harusi hataisikia. Namba ya kutafuta ni desibeli za juu kabisa, zinazopimwa mita 1 kutoka kwenye bafle. Uwanjani, kila umbali unapozidishwa mara mbili, unapoteza desibeli kama 6. Bafle ya desibeli 112, kwa watu walio mita 8, imebaki na 94. Mita 16, imebaki na 88. Kwa watu wanaokula na kusikiliza, hiyo inatosha. Kwa lupango iliyojaa, watu wakisimama na chupa mkononi na kila mmoja akimpigia mwenzake kelele sikioni, umekwisha.

Ya kwanza kwangu, bila kusita, ni jozi ya bafle zenye ampli (kikuza sauti) ndani, buma ya inchi 10 au 12, zisizo na betri. Mfano ninaoufahamu vizuri ni Yamaha DBR10: kilo 10.5 kila moja, desibeli 129, wati 700 za kilele. Mtu mmoja anabeba mbili, moja kila mkono, kutoka barabarani hadi ndani ya lupango bila kupumzika njiani. Zinaingia kwenye buti ya teksi na nafasi ya ngoma inabaki. Mkiwa na gitaa la besi au karindula, chukua dada yake, DBR12, kilo 15.8 na desibeli 131. Bega litalalamika kidogo.

Niiseme karindula kwa kirefu, maana ndiyo iliyonifundisha. Ni pipa la mafuta lililofunikwa ngozi ya mbuzi, na nyuzi nne. Sauti yake haitoki kwenye uzi peke yake. Pipa zima linasukuma hewa. Tuliwahi kuitegea mikro na kuipitisha kwenye bafle moja ya inchi 8. Dakika ya kwanza ilikuwa tamu. Mwenyewe alipopasha joto mkono, buma ikaanza kupiga "pfff" kila anapovuta uzi mnene, kama mtu anayepuliza moto wa makaa, na waimbaji wakazama pamoja nayo kwa sababu wote walikuwa wanapita tundu moja. Kumbe bafle ina kinga inayoshusha sauti yote ikiona buma inaumia. Tulitoa karindula kwenye bafle, tukaiacha ilie yenyewe karibu na watu, na sauti za waimbaji zikarudi. Uzi mnene wa gitaa la besi la kawaida unatikisika mara 41 kwa sekunde. Inchi 8 haifiki huko, na hata 12 inafika ikihema.

Ubaya wa jozi hii ni umeme. SNEL, shirika la umeme, ikikata katikati ya wimbo, mmenyamaza. Sisi tunatembea na grupe (jenereta) dogo la kVA 1, na kwa muziki wa kawaida linazitosha bafle mbili za inchi 10 pamoja na miksa. Lisimame nyuma ya nyumba, na katikati pawe na stabilizateri, kifaa cha kutuliza umeme. Hilo la pili nililijua kwa hasara: usiku mmoja umeme ulirudi kwa kishindo, na bafle ya rafiki yetu ikatoa harufu ya plastiki. Tangu siku hiyo umeme ukikatika, wa kwanza kukimbia anachomoa nyaya ukutani kabla hata ya kuwasha tochi.

Ya pili ni Electro-Voice Everse 8, kwa anayetaka betri. Kilo 7.6, buma ya inchi 8, desibeli 121, betri ya lithiamu ya saa kama 12 kwa sauti ya wastani. Zingatia hilo neno "wastani". Ukiibana hadi mwisho, saa zinapungua vibaya. Ndiyo bafle ya betri pekee kati ya nilizozisikia ambayo ningethubutu kuipeleka peke yake kwenye lupango la watu themanini. Nimeiweka ya pili kwa sababu moja tu: kwa bei yake unakaribia kabisa ile jozi, na jozi inaweka sauti pande mbili.

JBL EON One Compact inafuata. Kilo 8, inchi 8, desibeli 112, nayo inakwenda hadi saa 12, na betri yake unaitoa na kuweka nyingine bila fundi. Ina njia nne za kuingizia sauti, kwa hiyo mwimbaji na gitaa lake hawahitaji miksa. Kwa watu wawili kanisani, kwenye kanisa dogo, sina la kuongeza. Kwa kikundi kama chetu tunaitumia kama returu, yaani bafle ya kumsikilizisha mwimbaji sauti yake: iko sakafuni, inamtazama.

Bose S1 Pro+ ya mwaka 2023 ni nyepesi kuliko zote hizi, kama kilo 6.5, na sauti ya mtu ndani yake ni safi sana. Ilitoka Marekani kwa dola 699. Hapa mjini ongeza safari, mpaka wa Kasumbalesa na faida ya kila aliyeigusa. Kwa pesa hizo mimi narudi juu ya orodha.

Ya mwisho ni ile ya magurudumu. Usinielewe vibaya, siidharau. Kwa matangazo, kwa mhubiri wa sokoni, kwa muziki wa simu siku ya kuzaliwa kwa mtoto, inafanya kazi. Lakini mikro zake huwa na makelele yake, shimo la kuchomekea gitaa mara nyingi linaifanya gitaa isikike kama iko ndani ya ndoo, na betri ya asidi ukiisahau miezi miwili bila kuichaji inaweza kufa.

Siku ya kununua, nenda na gitaa lako, waya wako na mikro yako. Usikubali kuchezewa wimbo wa simu. Kila bafle inaimba vizuri wimbo uliokwisha kupikwa studio. Piga ule mtindo wa vidole viwili, gumba likitembea chini na cha shahada kikiimba juu. Kama gumba linameza cha shahada, rudisha. Halafu fungua mikro, simama mbele ya bafle hatua tatu, ongeza polepole hadi larseni, ule mlio mkali wa mikro na bafle kurudishiana sauti, ianze kulia. Inayolia mapema dukani italia mapema zaidi uwanjani. Mikro iwe ya kawaida isiyohitaji umeme, mfano wa Shure SM58, na uangalie vizuri maana za bandia ni nyingi.

Soma pia nyuma pameandikwa volti ngapi. Umeme wetu ni volti 220. Bafle iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani inaweza kuwa ya 120 peke yake, na itaungua siku ya kwanza. Ipime kwenye mizani ya muuza unga wa jirani: bafle ya kilo 10.5 kitabuni ikionyesha kilo 7, jina la mbele limebandikwa. Chini yake tafuta tundu la mguu, milimita 35. Bafle ya chini inacheza kwa miguu ya safu ya kwanza. Ipandishe juu ya vichwa.

Na vumbi. Kuanzia Mei hadi Septemba vumbi jekundu linaingia kila mahali, hadi kwenye vishikizo vya sauti, navyo vinaanza kukwaruza. Zetu zina mifuko iliyoshonwa na fundi cherehani wa mtaa wa Kenya kwa turubai la lori, mfuko wa pembeni wa nyaya, na dirisha nyuma ili ampli ipumue. Alishona wa kwanza bila dirisha. Tukamrudishia, akasema, "Mngesema mapema kama nayo inapumua."