Vitabu vya mtumba Samora: nilichokipata kwa shilingi 6,000

Nimeshona miaka 19, minane kati ya hiyo kiwandani. Sasa nina vyerehani vyangu vitatu Kariakoo. Mwezi uliopita, natoka Posta, nikasimama kwa kaka mmoja anayepanga vitabu chini, barabara ya Samora. Kilichonivuta ni picha ya wasichana wameinamia vyerehani. Kumbe ni historia ya wafanyakazi wa Marekani, kwa Kiingereza, jalada hakina. Alianza na elfu kumi, tukaishia sita.

Sura ya moto wa kiwanda cha Triangle nimeirudia mara tatu. New York, 25 Machi 1911, Jumamosi alasiri, karibu watu watoke. Walikuwa wanashona blauzi ghorofa ya 8 na ya 9. Moto ulianzia kwenye mabaki ya vitambaa chini ya meza ya kukatia, na yeyote aliyewahi kukata pamba anajua yale mabaki yanavyoshika moto. Ghorofa ya 9 mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Ngazi za kikosi cha zimamoto ziliishia ghorofa ya 6. Walikufa 146, wengi wasichana wahamiaji, Wayahudi na Waitaliano. Wenye kiwanda walishtakiwa, wakaachiwa.

Hapo nilikifunga kitabu nikakaa kimya. Kule nilikoajiriwa, mlango wa nyuma ulipigwa kufuli kila zamu ili tusitoe vitambaa, na jioni tulipekuliwa mikoba mmoja mmoja mlango wa mbele. Wale wasichana nao walipekuliwa hivyo hivyo.

Siku ile ya moto Frances Perkins alikuwa mtaani akiwaona wafanyakazi wakiruka madirishani. Mwaka 1933 akawa waziri wa kazi, mwanamke wa kwanza katika baraza la mawaziri la Marekani. Binti yangu wa kidato cha tatu, aliyekuwa akinifafanulia maneno magumu, jina hilo ameliandika kwenye daftari lake.

Mei Mosi pia imo: Chicago, 1886, watu wanagoma wakidai kazi ya saa nane kwa siku.

Kasoro ni moja. Sura ya wazoa taka wa Memphis, 1968, imenyofolewa. Unafika pale wanaume wawili wanasagwa na gari la taka, kisha kurasa hazipo. Nilirudi kulalamika. Hakubisha: "Samahani mama, chagua kingine." Nikachukua kamusi.

Nendeni kabla ya saa nne, baadaye jua linapiga upande ule. Na hesabuni kurasa kabla ya kutoa hela.