Kisiwa cha Gotland, Uswidi: Vivutio Vinavyostahili Muda Wako na Vinavyoweza Kusubiri

Kisiwa cha Gotland, kilichopo katika Bahari ya Baltiki mashariki mwa Uswidi bara, kina vivutio vingi kuliko vinavyoweza kumalizwa katika likizo moja ya kiangazi, kwa hiyo mgeni hana budi kuchagua. Mimi niliyevitembelea naona kwamba vilivyo bora zaidi ni vya bure au karibu na bure, isipokuwa viwili tu: jumba la makumbusho la mjini Visby na safari ya boti ya kwenda kisiwa kidogo cha Stora Karlsö. Hivyo viwili vinastahili kila krona utakayotozwa. Vivutio vingine vya kulipia si vibaya, lakini mwenye siku chache asivipe saa zake za jua.

Wageni wengi huingia Visby kwa feri kutoka Nynäshamn, kusini mwa Stockholm, safari inayochukua saa tatu na kidogo. Mji wa kale wa Visby uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1995, na sababu inaonekana mara moja: ukuta wa mawe ya chokaa, wenye urefu wa kilomita 3.4 hivi, bado unauzunguka mji pamoja na minara yake mingi. Watalii wengi huutazama kwa ndani, wakiwa wamekaa mikahawani. Ushauri wangu ni kutoka nje kupitia lango la mashariki, Österport, kisha kuufuata ukuta kwa miguu kwenye majani ya mahandaki ya zamani, kwa sababu huko ndiko ukuta unakoonyesha ukali wake. Sehemu kubwa yake ilijengwa katika karne ya 13, na upande wa nchi kavu uliimarishwa kuwakabili wakulima wa Gotland wenyewe, ambao mwaka 1288 walipigana vita na wafanyabiashara wa mjini.

Mwaka 1361 uhasama huo ulikuwa na gharama ya kutisha. Mfalme Valdemar wa Denmark alipotua kisiwani na jeshi lake, wakulima walipambana naye mbele ya ukuta huku malango yakiwa yamefungwa, wakauawa kwa mamia na mamia, kisha mji ukasalimu amri. Nje kidogo ya ukuta upo msalaba wa mawe uliosimikwa mahali walipozikwa, wenye maandishi ya Kilatini yanayowaombea dua. Ni kituo ambacho makundi ya watalii hukipita haraka, au hayafiki kabisa, ingawa bila hicho ukuta wote hubaki kuwa mandhari ya kupigia picha tu.

Kutoka kwenye msalaba nenda moja kwa moja Gotlands Museum, katika mtaa wa Strandgatan, wala usiingoje siku ya mvua kama wanavyofanya wengi. Makaburi ya halaiki ya 1361 yalipofukuliwa katika karne ya 20 ilibainika kwamba wengi walizikwa wakiwa na deraya zao mwilini, na ndani ya jumba hili utakutana na fuvu ambalo bado limevaa kofia ya mnyororo wa chuma. Karibu na hapo pamepangwa mawe ya picha, nayo ni sanaa ya Gotland hasa, iliyochongwa kati ya karne ya 5 na ya 12: mawe mapana yenye merikebu, wapanda farasi na mashujaa. Simama kwa muda mbele ya lile lililopatikana Smiss, lenye mtu aliyekaa akiwa ameshika nyoka mkono huu na huu. Wataalamu hawajakubaliana huyo ni nani, na kwa maoni yangu hilo linazidisha thamani ya kulitazama.

Hata hivyo, kitu kilichonishika kuliko vyote humo ni hazina ya Spillings. Ilifukuliwa mwaka 1999 katika shamba lenye jina hilo kaskazini mwa kisiwa, nayo ndiyo hazina kubwa kuliko zote za fedha za enzi ya Waviking zilizowahi kupatikana duniani: takriban kilo 67 za fedha, zikiwamo bangili kwa mamia na sarafu zaidi ya 14,000. Karibu sarafu zote ni dirhamu za dola za Kiislamu, zilizofika huku kwa mikono ya wafanyabiashara waliopitia mito ya Urusi. Ukiinama karibu na kioo utaona maandishi ya Kufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, kwenye vipande vyembamba vya fedha, na aliyesoma chuoni utotoni ataweza kuitambua shahada iliyopigwa humo zaidi ya miaka 1,100 iliyopita. Miongoni mwao imo sarafu moja ya Wakhazari, watu ambao watawala wao walifuata dini ya Kiyahudi. Imeigiza dirhamu kwa kila hali, lakini imeandikwa kwamba Musa ni mtume wa Mwenyezi Mungu. Watu huja Gotland wakidhani wamefika pembezoni mwa dunia, ilhali vioo hivi vinaonyesha kisiwa kilichofanya biashara na Baghdad, Samarkand na Tashkent kabla Stockholm haijawepo.

Magofu ya makanisa yaliyotapakaa mjini ni mazuri, hasa Sankta Karin, ambalo matao yake yasiyo na paa yanaukabili uwanja mkuu. Ndani ya ukuta ni kanisa moja tu la enzi hizo linaloendelea kutumika, nalo ni Sankta Maria, lililowekwa wakfu mwaka 1225. Ukishaona magofu matatu au manne umeona ya kutosha, na nguvu zilizobaki zihifadhiwe kwa ajili ya mashambani, ambako yako makanisa 92 ya zama za kati, mengi yakiwa bado yana ibada na milango yake ikiwa wazi mchana wa kiangazi bila kiingilio. Kama lazima kuchagua, chagua Garda na Öja. La Garda lina michoro ya ukutani ya mtindo wa Kibizanti, yaani wa Ukristo wa Mashariki, ya karne ya 12, ambayo mtu hutarajia kuiona Novgorod, mji wa kale wa Urusi, na si katika kijiji cha Uswidi. Ilifuata njia zilezile za biashara zilizoileta fedha ya Spillings. La Öja lina msalaba mkubwa wa mbao wa karne ya 13, ambao duara lake limejaa malaika na watu wadogo waliochongwa kwa ustadi usio na mfano. Inasikitisha kwamba mabasi ya mashambani ni machache, hivyo bila gari au baiskeli makanisa haya huwa mbali.

Kaskazini kipo kisiwa cha Fårö, ambacho ningekipa nafasi ya kwanza miongoni mwa vivutio vyote vya asili. Pantoni la magari kutoka Fårösund huvuka kwa dakika chache na halitozi nauli. Hadi miaka ya 1990 eneo hili lilikuwa la kijeshi na raia wa kigeni hawakuruhusiwa kuingia kwa hiari yao, jambo linaloeleza kwa nini pwani yake haina mahoteli makubwa. Kinachofuatwa huku ni raukar, nguzo za mawe ya chokaa zilizobaki zimesimama baada ya mawimbi kula mwamba laini uliozizunguka. Zile za Langhammars ni ndefu na za ajabu zaidi, na zile za Digerhuvud ziko kwa mamia kando ya bahari. Mawe haya ni mabaki ya miamba ya matumbawe iliyoota zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, wakati eneo hili lilipokuwa bahari ya joto karibu na ikweta. Hilo halihitaji kuaminiwa kwa maneno: sogea, weka kiganja kwenye nguzo, nawe utahisi kwa vidole vishimo na mistari ya matumbawe yenyewe, yakiwa magumu na wazi kama yaliyotolewa majini jana. Eneo ni hifadhi, kwa hiyo visukuku hubaki mahali pake na hakuna ruhusa ya kupanda juu ya nguzo.

Fika Langhammars jioni. Mwezi Juni na Julai jua huzama kuelekea saa nne usiku, mabasi ya watalii yamekwisha kuondoka, na mwanga wa chini huonyesha kila ufa wa jiwe. Wapenzi wa sinema watataka pia kuliona kaburi la Ingmar Bergman, mwongozaji aliyeishi Fårö kwa miongo kadhaa na kufariki huko mwaka 2007. Amelazwa katika uwanja wa kanisa la kisiwa, chini ya jiwe lisilo na mbwembwe.

Stora Karlsö ni safari ya boti ya takriban nusu saa kutoka Klintehamn. Kisiwa kimehifadhiwa tangu 1880, na majabali yake yamejaa ndege wa baharini kwa maelfu, wakiwamo wale weusi wenye kifua cheupe ambao Waswidi huwaita sillgrissla. Wakati wa kwenda ni mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, kwa maana ndipo makinda, kabla hayajaweza kuruka vizuri, yanapojirusha jioni kutoka kwenye kingo za majabali huku baba zao wakiyaita kutoka chini. Mtu akija Agosti atakuta majabali yamebaki matupu, na hapo bei ya tiketi haitakuwa na utetezi. Anayetaka kuona makinda yakiruka apange kulala kisiwani, maana boti za mchana hurudi mapema.

Pango la Lummelunda, kaskazini mwa Visby, lilipata umaarufu baada ya wavulana watatu kuipenya njia yake ya ndani mwaka 1948. Ni safi, ni salama, ni baridi ya nyuzi 8 hivi mwaka mzima, na watoto hulifurahia sana. Mtu mzima asiye na watoto anaweza kuliacha bila majuto. Hali kadhalika bustani ya burudani ya Kneippbyn, penye nyumba iliyotumika katika filamu za watoto za Pippi: wenye watoto waende, wengine wapite.

Kuhusu chakula, agiza saffranspannkaka, wali wa maziwa uliookwa kwa zafarani na lozi, unaoliwa na krimu pamoja na jamu ya matunda ya porini yaitwayo salmbär. Ubora wake hutofautiana mno. Katika mkahawa mmoja wa Visby nililetewa kipande kikavu kilichopashwa moto mara ya pili, kwa bei ya juu, wakati mikahawa midogo ya mashambani ilikitoa kikiwa laini na chenye harufu ya zafarani halisi. Beba kadi ya benki, kwa sababu fedha taslimu hukataliwa mahali pengi.

Wiki ya Zama za Kati, inayofanyika Visby kila Agosti tangu 1984, ina maonyesho mazuri ya mafundi na wapanda farasi, lakini malazi hujaa miezi kadhaa kabla. Asiyekuja kwa ajili yake afike mwishoni mwa Juni kwa ajili ya ndege, au baada ya katikati ya Agosti, wakati bahari bado ina joto kidogo na barabara za Fårö zimepungua magari. Baada ya Septemba mikahawa mingi ya mashambani hufungwa hadi majira ya kuchipua.