Sesame Street na Julia: maoni ya mama wa mtoto mwenye usonji (autism)

Mwanangu Idrisa ana miaka mitano na haongei sana. Akifurahi hurukaruka na kupepea mikono kama kifaranga anayejaribu mabawa. King'ora cha zimamoto kikilia huziba masikio na kuingia chini ya meza, na hapa Columbus, Ohio, tunakoishi, ving'ora haviishi. Kwa ajili yake nimetazama vipindi vingi vya watoto wadogo, na vingi nimevizima ndani ya dakika tano, maana makelele na picha za kukatikakatika humchosha kabla hadithi haijaanza. Sesame Street sijakizima. Nawaandikia wazazi wenzangu wenye mtoto kama wangu, na hasa wale ambao bibi na mashangazi wa kule nyumbani wanauliza kila siku mtoto ana nini.

Kipindi chenyewe ni cha televisheni ya Marekani, na ni cha siku nyingi. Kilirushwa mara ya kwanza tarehe 10 Novemba 1969. Waliokiasisi ni Joan Ganz Cooney na Lloyd Morrisett, na vikaragosi, yaani wanasesere wa kuchezeshwa kwa mkono, vikawa kazi ya Jim Henson na wenzake. Ni mchanganyiko: kuna mtaa wa watu na vikaragosi, zinaingia katuni fupi za herufi na namba, unaona watoto wa kweli wakicheza, halafu unarudishwa mtaani. Mwanzoni wataalamu wa saikolojia walishauri vikaragosi wasichanganywe na watu, wakihofia mtoto atashindwa kutofautisha cha kweli na cha kubuni. Kipindi kilipojaribiwa kwa watoto wa Philadelphia mwaka huohuo, watoto wakakodolea macho katuni na vikaragosi, lakini ukifika mtaa wa watu watupu wanageuka pembeni. Ndipo vikaragosi Big Bird na Oscar wakaletwa kuishi mtaani. Kwangu mimi uhai wote wa kipindi umetoka hapo. Kikaragosi akiingia dukani na mtu mzima akamsalimia na kumsikiliza mpaka amalize, mtoto wangu hamwoni kama mwanasesere, anamwona jirani.

Salma, dada yake Idrisa mwenye miaka minane, alitaka kujua ndani ya Big Bird kuna nini, tukatafuta tukajua. Yule ndege wa manjano ana urefu wa futi 8 na inchi 2. Mchezeshaji husimama ndani, mkono wake wa kulia ameuinua juu ya kichwa chake: huo ndio shingo, na kiganja ndicho kinachofungua na kufunga mdomo. Nje haoni, kwa hiyo hufungiwa televisheni ndogo kifuani ajitazame anavyoonekana kwenye kamera. Mkono wa kushoto unaingia kwenye bawa la kushoto. Bawa la kulia halina mkono, limefungwa uzi wa kuvulia samaki unaopita chini ya shingo hadi bawa la kushoto, basi la kushoto likishuka la kulia linapanda. Caroll Spinney alifanya kazi hiyo tangu mwanzo mpaka mwaka 2015, akaendelea kutoa sauti tu mpaka alipostaafu mwaka 2018. Salma aliinua mkono wake wa kulia wimbo ulipoanza, akasema ataushikilia hivyo mpaka uishe. Aliushusha wimbo ukiwa nusu, akakaa analisugua bega kimya kimya. Tangu siku hiyo Big Bird akitokea hunyamaza akamtazama.

Idrisa yeye ana sehemu yake, Elmo's World, iliyoanza mwaka 1998. Elmo ni kikaragosi mwenye manyoya mekundu, lakini chumba alichomo kimechorwa kama mtoto alivyokipaka kalamu za rangi, mlango, dirisha na meza vyote. Kuna samaki Dorothy kwenye bakuli lake, na kuna Bwana Noodle asiyesema neno, anayekosea jambo dogo mara kadhaa kabla ya kupatia. Watu wazima wanaweza kuchoka, maana mambo huja kwa mtindo uleule siku zote. Mtoto wangu anapumzika hapohapo. Anajua baada ya hili linakuja lipi, hakuna cha kumshtua, na kwa kuwa hashtuki anasikiliza. Neno «samaki» alilitamka kwa mara ya kwanza akiwa amemnyooshea Dorothy kidole. Alilitamka kwa Kiswahili, ingawa kipindi ni cha Kiingereza.

Sasa Julia. Huyu ni kikaragosi wa msichana wa miaka minne mwenye nywele za rangi ya machungwa, na ana usonji. Alianza kwenye hadithi ya picha mtandaoni mwaka 2015, akaingia kwenye televisheni tarehe 10 Aprili 2017. Anayemchezesha ni Stacey Gordon, ambaye mwanawe wa kumzaa ana usonji, na hilo unaliona kwenye mikono. Julia ametengenezewa jozi mbili za mikono, moja ya shughuli za kawaida na nyingine ya kupepea anapofurahi. Mara ya kwanza kumwona akipepea niliita, «Salma, njoo uone!» Idrisa alikuwa karibu na skrini. Aliutazama ule mkono, akautazama wake, akapepea.

Katika sehemu hiyo ya kwanza, Julia anachora pamoja na Elmo na kikaragosi mwingine, Abby. Big Bird anakuja, anajitambulisha, Julia hajibu wala hamtazami. Big Bird anaingiwa na huzuni, anadhani hapendwi. Alan, mwenye duka la pale mtaani, anamweleza taratibu kwamba Julia ana usonji, kwamba anasikia ila huenda akachukua muda kujibu, na kwamba ana namna yake ya kufanya mambo. Rangi ya kupaka kwa vidole haipendi inavyonata, basi anatumia brashi. Wanapocheza kukimbizana anaanza kurukaruka, na wenzake badala ya kumwambia atulie wanaruka naye, mchezo unageuka kuwa wa kurukaruka. Kisha king'ora kinalia. Julia anaziba masikio. Mtu mzima anampeleka mahali palipotulia, Julia anamshika sungura wake wa kitambaa, anavuta pumzi. Hakuna anayemwambia «acha hizo.» Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi na kila king'ora kikifika koo linanibana, kwa sababu nimekaa chini ya meza ile na mtoto wangu nisijue la kumfanyia.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Tanga akakaa nasi miezi mitatu. Anampenda mjukuu wake, lakini wiki ya kwanza ilikuwa nzito. Anamwita, mtoto hageuki. Anampa mkono wa salamu, mtoto anapita. Akaniambia kwa upole, «Mwanangu, huyu mmemdekeza, hana adabu kwa wakubwa,» na siku nyingine akataka asomewe dua, pengine ni husuda. Nilimweleza habari ya usonji kwa maneno ya daktari na maneno yale hayakukaa. Jioni moja nikaiweka sehemu ya Julia, nikawa namtafsiria. Pale Big Bird aliposema anadhani hapendwi, Bibi akasema, «Hata mimi.» Hakusema zaidi. Kesho yake asubuhi hakumwita Idrisa. Alikwenda akaketi kwenye zulia kando yake, akachukua gari moja akawa analisukuma mbele na nyuma kama yeye, bila kusema kitu. Ilichukua muda mrefu. Idrisa akalisogeza gari lake mpaka likagusana na la Bibi.

Lipo jambo lililoniuma kuhusu Julia. Mwaka 2019 alitumika kutangaza mwongozo wa wazazi wa shirika la Autism Speaks, na mtandao wa watu wenye usonji wenyewe, ASAN, uliokuwa umeshirikiana na watengenezaji tangu mwanzo, ukajitoa kwa kuupinga mwongozo huo. Niko upande wa ASAN. Mtoto wangu siku moja atakuwa mtu mzima mwenye usonji, na ningependa wakubwa kama yeye ndio wasikilizwe kwanza. Halafu Julia haonekani vya kutosha. Unaweza kutazama vipindi vingi mfululizo usimwone, na Salma huuliza yuko wapi.

La lugha nalo nalisema kwa moyo. Tanzania iliwahi kuwa na Kilimani Sesame kwa Kiswahili, televisheni, redio na vitabu, ikifundisha kusoma na kuhesabu pamoja na habari za malaria na UKIMWI. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliofanywa kwa watoto 223 wa Dar es Salaam na Kisarawe, ulionyesha kwamba waliokipokea zaidi walijua zaidi. Afrika Kusini nayo ilimleta Kami kwenye Takalani Sesame mwaka 2002, msichana anayeishi na virusi vya UKIMWI, wakati watoto wa namna hiyo walikuwa wakikimbiwa shuleni. Kwa hiyo kazi hii inawezekana kwetu, imeshafanyika. Nataka Julia aseme Kiswahili, mama wa Handeni asihitaji mkwe wa kumtafsiria.

Kwa walio Marekani, kipindi kipo PBS KIDS bila malipo, kwa antena au programu ya simu, na tangu Novemba 2025 vipya vinapatikana Netflix pia, sasa kila kimoja kikiwa na hadithi moja ya dakika 11 na katuni mpya. Kwa Idrisa hadithi moja ndefu ni nafuu kuliko vipande vingi vifupi. Walio nyumbani wataikuta sehemu ya Julia YouTube, kwenye chaneli ya Sesame Street. Ukimwekea mtoto mwenye masikio mepesi, punguza sauti kabla ya kile king'ora, kinakuja baada tu ya mchezo wa kurukaruka. Na kaa naye. Bibi alirudi Tanga mwezi wa nne, na kila tukipiga simu ya video Jumapili huwa hasemi kitu kwanza, anapepea mikono mbele ya kamera na kusubiri.