Sindano za mafuta yangu mwenyewe chini ya macho: mwezi wa tano sasa

Nauza vitenge Kariakoo, na kwa miaka mingi wateja wamekuwa wakinipa pole. "Pole mama, umefiwa?" Sijafiwa. Ni macho tu: weusi, ngozi iliyojikunja, na kibonde kila upande. Nimelala mapema, nimeweka tango, nimepaka krimu za kila bei.

Ndipo nikaenda kliniki moja Masaki kufanyiwa nanofati, yaani kuchomwa mafuta ya mwili wako mwenyewe yaliyolainishwa sana, njia iliyoelezwa mwaka 2013 na madaktari wa Ubelgiji, akina Tonnard na Verpaele.

Nilichomwa ganzi chini ya kitovu, mafuta yakavutwa kwa mrija mwembamba. Nilikuwa macho, nikayaona: ya manjano, yana damu damu. Daktari akayasafisha, akaunganisha mabomba mawili ya sindano, akawa anayasukuma toka bomba hili kwenda lile, mara thelathini hivi, mpaka yakalainika na kuwa meupe kama tui la kwanza. Akayachuja, ndipo akayachoma chini ya macho kwa sindano nyembamba sana.

Hapo ndipo nina lalamiko. Dada wa mapokezi aliniambia kila kitu kitaondoka, kibonde na weusi. Nimeshalipa, nimeshalala kitandani, ndipo daktari ananieleza kwamba kule kusukumwa huvunja seli za mafuta. Zinazobaki ni seli shina, zile changa zinazoweza kuzaa seli nyingine, na wenzake, kazi yao ni kusaidia ngozi kujijenga upya. Kibonde hakijazwi na nanofati. Kinataka mafuta ambayo seli zake ni nzima, au fila ya asidi ya hayaluroniki, yaani sindano ya jeli ya kujazia, ambayo ikiharibika ina dawa ya kuiyeyusha. Mafuta hayana dawa hiyo. Tena yakiingia kwenye mshipa wa damu yanaweza kupofusha jicho, kwa hiyo jamani, muulizeni anayewachoma amesomea upasuaji wapi. Haya ni maneno ya kuambiwa mtu kabla hajatoa hela.

Siku ya pili niliamka macho yamevimba, damu imevilia hadi mashavuni. Nilikaa ndani siku kumi, mdogo wangu akashika duka. Tumbo ndilo lililonitesa zaidi. Nikikohoa nalishika kwa mikono miwili.

Mwezi wa kwanza sikuona kitu, nikalia. Kuanzia wa tatu ngozi ikaanza kukaza. Weusi umepungua, haujaisha, na daktari amenisisitiza kujikinga na jua maana ngozi zetu huweka weusi upesi. Kibonde kipo vile vile, na kwa sasa nakiacha.

Kwa ajili ya ngozi peke yake, ningerudia. Zamani nikipaka wanja kope za chini, ikifika adhuhuri umeshaingia kwenye mikunjo na kunichafua. Jumamosi nilipaka kwenda harusini Temeke, nikarudi usiku wa manane, ukawa umekaa pale pale nilipouchora.