Kitako kipya cha bunduki kutoka karakana ya Masasi: fundi anayejua kulaza mtutu

Chuma cha Mauser 98, bunduki ya kizamani ya Kijerumani, hakichakai upesi. Kinachotangulia kufa ni kitako, yaani mti unaoshikilia chuma, hasa huku kusini ambako mchwa na unyevu wa pwani haviupi mti nafasi. Bunduki yangu ya uwindaji, ambayo naimiliki kwa leseni, ilikuwa imepasuka shingoni, pale pembamba pa kushikia, nikaipeleka katika karakana moja ya Masasi iliyoidhinishwa kukarabati silaha ili ichongewe kitako kipya.

Mti uliotumika ni mninga. Wateja wengi huulizia mpingo kwa sababu wachongaji wa Kimakonde wameupa sifa duniani, lakini fundi alinishauri niuache, na ushauri wake ni sahihi: mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, ilhali mninga ni mwepesi zaidi na ukishakauka hauchezi sana. Alichagua kipande ambacho nyuzi zake zinafuata urefu wa shingo, kwa kuwa nyuzi zikiikata shingo mshazari, kitako huvunjika hapo shingoni.

Kinachoipa karakana hii thamani, hata hivyo, ni namna mtutu unavyolazwa. Fundi hupaka masizi ya kibatari yaliyochanganywa na mafuta kwenye chuma, hukilaza mahali pake, hukiinua, kisha kwa patasi nyembamba hukwangua zile sehemu tu zilizoshika weusi, na kazi hiyo huirudia bila haraka mpaka chuma kikae chenyewe pasipo kulazimishwa na skrubu. Uangalifu mkubwa zaidi aliuweka kwenye nundu ya chuma iliyo chini ya chemba (pale risasi inapokaa), nundu ambayo ndiyo inayopokea msukumo wa kurudi nyuma risasi inapotoka: aliendelea kukwangua hadi weusi ukaenea ukuta mzima wa mti ulio nyuma ya nundu hiyo, huku nyuma ya mkia wa chemba, yaani ncha ya chuma inayoelekea shingoni, akiacha upenyo mdogo ili mkia usije ukaupasua mti kama kabari. Mbele ya chemba mtutu haugusi mti kabisa. Karatasi inapita chini yake bila kukwama. Jambo hilo si la urembo, kwani kitako kilichochongwa Masasi kikifika Mikindani, huko pwani, huvuta unyevu na kuvimba, na mti ukiusukuma mtutu upande mmoja, risasi nazo huhama shabaha. Ndani ya mfereji ambamo mtutu hulala alipaka mafuta ya kitani, mahali ambapo mafundi wengi huacha mti mtupu kwa kuwa mteja hapaoni. Kwangu mimi, hapo ndipo fundi hupimwa.

Umaliziaji wa nje haukunifurahisha. Mistari iliyochongwa kwenye mshiko haikulingana, na vanishi inang'aa kupita kiasi kwa bunduki ya porini. Kazi pia ilichelewa bila taarifa yoyote, na shilingi 280,000, mbao zikiwemo, si bei ndogo.

Kwa atakayekwenda, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inasimamia umiliki na ukarabati wa silaha, na hapa hawaizungukii: bunduki hupokelewa ikiwa tupu, leseni ya mmiliki hukaguliwa, na namba ya silaha huandikwa daftarini kabla ya skrubu ya kwanza kulegezwa. Asiye na leseni atarudishwa mlangoni.