Matairi Mapana Kwenye Rimu za Kiwandani: Huduma ya Duka Moja la Ngamiani, Tanga

Duka la matairi ninalolizungumzia lipo Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara zenye namba, na nililiendea kwa jambo moja tu: kufunga matairi mapana kuliko yaliyokuja na gari, bila kubadilisha rimu. Hukumu yangu naitanguliza. Upimaji na ushauri wao ni bora kuliko nilioupata popote pengine katika mji wa Tanga, ukazaji wao wa nati unahitaji kurekebishwa, na kipimo walichoniuzia, yaani 205/65R15 badala ya 195/65R15, kimelifaa gari langu kwa sababu ambayo watu wengi hawaifikirii wanapotafuta tairi pana.

Gari lenyewe ni Toyota Premio lenye rimu za chuma za inchi 15 na wilikapu zake. Magari ya aina hii yalitengenezwa kwa barabara za Japani, nasi tunayapeleka Maramba, tunayapandisha Amani kutokea Muheza, na tunaingia nayo vijiji vya Pangani ambako lami haijafika. Wenye magari hapa kwetu hulalamika kwamba tumbo la gari linagusa chini, na wengi hukimbilia kuweka spesa, yaani vipande vya kuongeza kimo, kwenye springi ili gari lipande. Wengine hununua matairi mapana, wakiamini kwamba upana peke yake ndio utakaolivusha gari kwenye rafu rodi. Mimi nilikuwa na haja ya wastani: gari litulie zaidi kwenye mashimo, lisibadilike tabia likiwa kwenye lami ya Segera, na rimu zibaki zile zile.

Kabla ya kusifu au kulaumu, ni vizuri namba za pembeni mwa tairi zieleweke. Katika 195/65R15, ile 195 ni upana wa tairi kwa milimita, 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na R inaonyesha kwamba tairi ni la radiali, yaani nyuzi zake za ndani hupita moja kwa moja kutoka upande mmoja hadi mwingine. Wengi hupotea kwenye ile 65, kwa sababu si milimita bali ni asilimia: kimo cha ukuta wa tairi ni asilimia 65 ya upana wake. Kwa hiyo ukiongeza upana bila kuigusa 65, kimo nacho kinaongezeka. Ukuta wa 195/65 una takriban milimita 127, na wa 205/65 una takriban milimita 133. Tairi zima linakua kutoka kipenyo cha milimita 634.5 hadi 647.5, na kwa kuwa nusu tu ya ongezeko hilo ndiyo iliyo chini ya ekseli, gari linapanda kwa milimita 6.5. Hicho si kimo cha kujivunia mbele ya mtu aliyeweka spesa, lakini ni ukuta mrefu zaidi wa mpira na upepo mwingi zaidi kati ya rimu na shimo, na ndicho kilichonifaa.

Nilipofika nilimsalimia fundi mkuu, mzee wa makamo, nikamweleza kwamba nimesikia 215/65R15 inaingia kwenye Premio. Hakubisha wala hakukubali. Alimwambia kijana wake apige jeki na kufungua gurudumu moja la mbele, akachukua tambara na brashi ya waya, akasugua kutu na matope upande wa ndani wa rimu karibu na tundu la vali mpaka maandishi yakaonekana: 15x6J. Ile 6 ni upana wa rimu kwa inchi, kutoka pale mdomo mmoja wa tairi, yaani kingo yake ya ndani, unapokaa hadi unapokaa mwingine, na ndiyo namba inayoamua yote katika shughuli hii. Sijawahi kuona duka lingine mjini likiitafuta kabla ya kutaja bei.

“Mwanangu,” aliniambia, “hiyo mia mbili na kumi na tano ukiilazimisha itaingia na itashika upepo, lakini itavimba pembeni kama andazi, halafu italika katikati.”

Maelezo yake yanalingana na vipimo vya watengenezaji. Tairi la 205/65R15 linaruhusiwa kwenye rimu za kuanzia inchi 5.5 hadi 7.5, na inchi 6 ndiyo rimu ambayo upana wake hupimiwa. Maana yake, kwenye rimu yangu tairi hilo linakaa kama lilivyokusudiwa. Lile la 215/65R15 hupimiwa kwenye rimu ya inchi 6.5, na inchi 6 ndiyo nyembamba kuliko zote linazozikubali. Ukilifunga hapo, midomo yake inabanwa pamoja, kuta zinatoka nje, uso unaokanyaga barabara unakuwa wa mviringo, na usukani unakuwa mzito wa kujibu unapokata kona. Hata upana ulioulipia huupati wote, kwa sababu kila nusu inchi inayopungua kwenye rimu hupunguza takriban milimita 5 za upana wa tairi. Zaidi ya hayo, tairi hilo lina kipenyo cha milimita 660.5, ambacho kimezidi cha kiwandani kwa zaidi ya asilimia 4, na hapo nafasi ndani ya madigadi inakuwa ndogo mno kwa gari linalobeba watu watano. Duka lilikuwa na 215 rafuni, tena kwa bei kubwa zaidi, na fundi akakataa kuniuzia. Kwa hilo peke yake wanastahili wateja.

Nafasi ndani ya madigadi aliipima kwa njia ambayo ningependa kila gereji iige. Tairi la 205 kwenye rimu ile ile linaongeza milimita 5 kila upande, kwa kuwa rimu haijasogea. Upande wa nje si tatizo. Tatizo huwa ndani, pale tairi linapopita karibu na kikombe cha springi kwenye shokapu ya mbele. Alifunga tairi moja kwanza, akapitisha vidole kati ya tairi na kikombe, akazungusha gurudumu taratibu ili kuhakikisha hakuna mahali linapokaribia zaidi. Baada ya kufunga yote manne na kushusha jeki, alipaka chaki kwenye mabega ya matairi ya mbele, akaniambia nizungushe usukani hadi mwisho kulia, kisha hadi mwisho kushoto, halafu tukaenda kuvuka tuta lililo karibu tukiwa na vijana wawili kiti cha nyuma. Tuliporudi alimulika kwa tochi ya simu kwenye plastiki ya ndani ya madigadi. Hapakuwa na alama nyeupe hata moja. Kama tairi lingekuwa linagusa, chaki ingelisema palepale, kabla plastiki haijatoboka.

Uvalishaji wenyewe ulikuwa safi. Midomo ya matairi ilipakwa maji ya sabuni, vali ziliwekwa mpya bila mimi kuuliza, na kila tairi lilipitishwa kwenye mashine ya balansi. Nilionyeshwa pia tarehe ya kutengenezwa, ambayo ni zile tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT: ukikuta 3523, tairi lilitoka kiwandani wiki ya 35 ya mwaka 2023. Ni haki ya mnunuzi kuiona, na muuzaji anayekunja uso ukiuliza anakuambia jambo kuhusu stoo yake. Tofauti ya bei kati ya 195 na 205 za nembo moja ilikuwa ndogo kiasi kwamba haikustahili kuwa hoja.

Lawama yangu ya kwanza ni ya upepo. Kijana alijaza psi 40 kwa mazoea, kama inavyofanyika karibu kila mahali, kwa imani kwamba tairi gumu hulinda rimu. Stika iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva wa gari langu inasema kilopaskali 220, ambazo ni sawa na psi 32. Tairi pana zaidi halihitaji upepo zaidi ya huo. Uzito linaoweza kubeba ni mkubwa zaidi tayari: 195/65R15 yenye namba ya uzito 91 hubeba kilo 615, na 205/65R15 yenye namba ya uzito 94 hubeba kilo 670, kila moja. Ukijaza hadi 40 unaifuta faida yote uliyoinunua, kwa sababu ule ukuta mrefu hauwezi tena kukunjika kidogo na kumeza shimo, na uso wa tairi unakanyaga kwa katikati tu. Nilimwomba apunguze hadi 32, akapunguza bila kinyongo, lakini mteja asiyejua ataondoka na psi 40 na kusema matairi mapana yanadunda.

Lawama ya pili ni kubwa zaidi. Nati zilikazwa kwa bunduki ya upepo mpaka ikakataa kuzunguka. Toyota huagiza nati za magari madogo ya aina hii zikazwe kwa nguvu ya nyutonimita 103, na hilo hufanyika kwa spana maalumu inayopima, si kwa mlio wa bunduki. Nati iliyokazwa kupita kiasi huvuta uzi wa stadi, yaani bolti inayoshika gurudumu, na ukaze usiolingana hupinda diski ya breki. Vilevile, mwanamke au mzee aliyepata pancha usiku kati ya Muheza na Segera hataweza kuifungua kwa spana ya gari. Duka linalojua kusugua rimu ili kusoma 6J haliwezi kushindwa kununua spana hiyo moja, na nimelieleza hivyo ana kwa ana. Huduma ya alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, pia hawana. Itabidi uende kwingine, na usiache kwenda, kwa maana tairi jipya kwenye gari lisilonyooka huisha bega moja kabla ya wakati wake.

Sasa barabarani. Kwenye rafu rodi tofauti ilionekana mara moja. Yale makorongo madogo madogo yanayojipanga kwa upana wa njia, ambayo zamani yalitikisa dashibodi nzima, sasa yanapita na mguno mdogo, na mawe makali yanapiga mpira badala ya kupiga mdomo wa rimu. Kwenye lami kavu gari linashika breki vizuri na linatulia linapopishana na malori yanayokwenda bandarini. Usukani umeongezeka uzito kidogo wakati wa kuegesha, si kiasi cha kukuchosha.

Kwenye mvua, hata hivyo, sitamdanganya mtu. Tairi pana lina uso mkubwa wa kuyasukuma maji, kwa hiyo huanza kuelea juu yake kwa mwendo mdogo kuliko tairi jembamba lenye kashata, yaani michoro ya uso wa tairi, za kina kile kile. Tanga tunajua masika yake. Maji yakisimama barabarani, upana haukusaidii, na kinachokuokoa ni kina cha kashata na mguu mwepesi. Tairi jipya huwa na kashata za milimita 8 hivi, na nchi nyingi zimeweka milimita 1.6 kuwa kiwango cha chini kisheria. Kwa hali ya Machi hadi Mei hapa kwetu, mimi nayatoa yakifika 3.

Spidomita nayo inahitaji neno. Kwa kuwa tairi limekua kwa asilimia 2, sindano ikisoma mwendo ambao zamani ulikuwa kilomita 100 kwa saa halisi, sasa unakwenda 102. Kwenye vijiji vya 50 tofauti ni kilomita moja, na kwa kuwa spidomita nyingi hutengenezwa zikizidisha mwendo kidogo, mwenye tochi hatakukamata kwa sababu hiyo peke yake. Wanaopiga hesabu ya mafuta wakumbuke kwamba kilomita 100 za kweli zitasomeka kama 98, hivyo gari litaonekana linakula zaidi kuliko linavyokula. Sehemu ya lawama ambazo matairi mapana hupewa kuhusu mafuta hutokana na hesabu hii, ingawa uzito wa tairi nao unachangia kidogo.

Kwa mtu ambaye gari lake halitoki kati ya Chumbageni, Raskazone na Kange, sioni sababu ya kubadilisha. 195 yake inamtosha na kwenye mvua ni afadhali. Anayetaka 205/60R15 kwa sababu ameipata kwa bei nafuu ajue kwamba tairi hilo ni fupi kuliko la kiwandani, kipenyo chake ni milimita 627, na litalishusha gari kwa karibu milimita 4. Anayekwenda shamba kila wiki na rimu zake zimeandikwa 6J aende Ngamiani akafunge 205/65R15, aombe psi zilizo kwenye stika ya mlango wake, na asimamie nati kwa macho yake.

Lipo moja ambalo duka halikulitaja mpaka nilipouliza, nalo ni spea. Tairi la akiba lililo kwenye buti bado ni 195/65R15. Premio langu huvutwa na magurudumu ya mbele, na ukifunga tairi dogo upande mmoja wa mbele, difu, yaani gia inayogawa mzunguko kati ya magurudumu mawili, italazimika kusawazisha tofauti ya mzunguko kwa kila mita ya safari, na mfumo wa ABS unaozuia magurudumu yasikwame wakati wa breki utakuwa unapokea mwendo usiolingana kutoka magurudumu mawili. Pancha ikitokea mbele, hamishia mbele tairi zima la nyuma, kisha spea ifungwe nyuma, na iwe ni ya kukufikisha kwa fundi tu. Mimi nimeshaagiza la tano la kipimo kipya kutoka duka hilo hilo.