Chanjo ya kideri ya tone la jicho kwa kuku wa uani: uzoefu wangu

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asipoteze muda wake. Chanjo ya kideri aina ya I-2, ile ya kudondosha jichoni, naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu niliyoikata haihusu ubora wa chanjo, inahusu ukubwa wa chupa, na nitafika huko.

Nafuga uani, Kihonda, Morogoro mjini. Kuku wa kienyeji na chotara wachache, hawafiki thelathini hata mwaka ukiwa mzuri. Mchana wanachakura, jioni wanaingia bandani. Mayai tunakula, majogoo nauza sikukuu zikikaribia. Kwa hiyo haya ni maoni ya mfugaji mdogo. Mwenye kuku elfu moja wa mayai ana ratiba yake na daktari wake, asije akaniuliza mimi.

Kideri, wengine mnauita mdondo, mnaujua. Asubuhi kuku wawili wamezubaa, mbawa chini. Jioni kinyesi cha kijani, kesho shingo zinapinda, na wiki haiishi banda limebaki manyoya. Kuku wasiochanjwa wanaweza kufa karibu wote. Ni virusi, hakuna dawa inayovitibu. Shubiri, pilipili kichaa, maji ya mwarobaini, majivu: vyote nimeviona vikinyweshwa kuku wa kideri mtaani kwetu, na kuku wakafa vilevile. Kinachobaki ni kuwahi kuchanja.

I-2 imekuja kwa ajili ya watu kama sisi. Ilitokana na kazi ya Profesa Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa ufadhili wa ACIAR, kituo cha Australia cha utafiti wa kilimo wa kimataifa, na lengo lilikuwa kuku wa vijijini kusiko na friji. Hapa nchini inazalishwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA. Sifa yake kubwa ni kustahimili joto kuliko chanjo za zamani kama La Sota, ambazo zikikosa ubaridi njiani unarudi nyumbani na maji matupu. Lakini kustahimili si kutodhurika. Jua la moja kwa moja linaiua, na kuisahau kwenye dashibodi ya gari ni kuitupa. Mimi naifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, naiweka kwenye kikapu, na nikifika inakaa pembeni ya mtungi wa maji. Mwenye friji aiweke kwenye friji, isigande.

Kuchanja kwenyewe ni kazi ya watu wawili, na wakati mzuri ni jioni kuku wakishalala, maana kumkimbiza kuku wa kienyeji mchana ni kujitafutia jasho bure. Chanjo ya unga unaichanganya kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, siyo ya bomba yenye klorini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Mmoja anashika miguu kwa mkono mmoja na kumlaza kuku ubavu, jicho moja likitazama juu. Mwingine anashika chupa wima, mdomo chini kabisa. Usiilaze, maana ukiilaza tone linabadilika ukubwa na hesabu ya dozi inakwenda mrama. Tone likianguka halizami papo hapo. Linatulia juu ya jicho, linametameta kwenye mwanga wa tochi, kisha kile kiwambo cha ndani kinapita mara moja na tone halipo. Hapo ndipo unamwachia, siyo kabla. Akitikisa kichwa likamwagika, rudia, dozi ya pili haimdhuru.

Jicho moja linatosha. Tone ni lilelile kwa jogoo mwenye makucha na kwa kifaranga, na hilo limenirahisishia sana kwa kuwa sina mizani wala kichwa cha hesabu usiku. Sijawahi kuona kuku akiugua kwa sababu yake au mtetea akiacha kutaga, na mayai mnaendelea kula kama kawaida. Nawa mikono tu ukimaliza, na usijifikiche macho.

Sasa malalamiko. Chupa ndogo niliyozoea kuikuta madukani ni ya dozi mia moja, na ikishafunguliwa na kuchanganywa haikai, siku mbili tatu basi. Mimi nina kuku ishirini na kitu. Bei yenyewe haiumi, chupa nzima haifikii bei ya kuku mmoja wa kienyeji, ila kumwaga dozi sabini kila zamu kunaudhi, na najua watu wanaoacha kuchanja kwa sababu hiyohiyo: “Kuku sita ndiyo nifungue chupa ya mia?” Dawa yetu imekuwa kuungana. Tuko nyumba kadhaa, mmoja ananunua, jioni moja tunazunguka uani kwa kila mtu na tunagawana gharama kwa idadi ya kuku. Umbea unapatikana humohumo. Faida nyingine ni kwamba kuku wetu wanachanganyika mitaroni, hivyo wa jirani akichanjwa na mimi nimepona.

Jambo la pili ambalo si kosa la chanjo lakini watu wanailaumu: kinga inachukua kama wiki mbili kujengeka. Ukisubiri mpaka uone kuku wa jirani wanasinzia ndipo ukimbilie dukani, utachanja kuku ambao tayari wana virusi ndani, watakufa, na utasema chanjo imeua kuku wako. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi. Zaidi ya hapo kinga inaisha, lazima urudie kila baada ya miezi mitatu au minne. Sisi tunakwenda na Januari, Mei na Septemba, na imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani.

Faida ambayo hakuna aliyeniambia dukani niliiona mtetea wangu mmoja alipougua. Ni mweusi mwenye madoa, mtagaji hodari, hajui kususa. Asubuhi hakutoka na wenzake. Nikamkuta kwenye kona, uso umevimba upande mmoja mpaka jicho limefumba, pua zina ute mzito, na harufu yake ilikuwa mbaya mno, ya kitu kilichooza. Dada wa nyumba ya pili akaja, akamtazama, akasema, “Dada, mpeleke gulioni leo hii. Ukingoja kesho utachimba shimo.” Hivyo ndivyo tulivyozoea. Kuku akizubaa anauzwa au anachinjwa, kwa hofu kwamba ni kideri. Ndivyo kideri chenyewe kinavyosafiri kutoka gulio hadi gulio, kikiwa ndani ya matenga.

Lakini zamu yetu ya Mei ilikuwa imepita vizuri, kuku wote wamedondoshewa, na wengine bandani walikuwa wakila kwa fujo. Kinyesi hakikuwa cha kijani, shingo haikupinda, hakuna aliyekufa ghafla. Kwa mara ya kwanza niliweza kusema: pengine hili ni jingine. Bwana mifugo wa kata alipokuja alimnusa kabla hata ya kumshika, akasema mafua makali ya kuku. Hayo ni bakteria, na bakteria wana dawa.

Kumuuguza hakukuwa na maajabu. Nilimtenga kwenye boksi kubwa lenye maranda, jikoni nyuma, mbali na upepo, na chombo chake cha maji kisichorudi bandani. Asubuhi na jioni nilimpangusa jicho na pua kwa pamba na maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, taratibu, mpaka ule utando wa njano ukalegea na jicho likafunguka. Alikuwa haoni, kwa hiyo hakuwa akila. Wengi hufa kwa njaa hapo, wakati ugonjwa wenyewe wangeuvuka. Nilimlisha pumba iliyolowekwa kwa maji ya dagaa, matonge madogo mkononi, na kila mara nilimpapasa gole nione kama kinachoingia kinashuka. Dawa ilikuwa OTC, yaani oxytetracycline, antibiotiki ya unga ya kuchanganya kwenye maji ya kunywa, kwa kipimo alichoandika mtaalamu, na niliimaliza yote ingawa alishaanza kuparua boksi. Wawili waliokuwa wakipiga chafya bandani nao wakanyweshwa. Mayai ya siku hizo, na ya kipindi cha kusubiri kilichoandikwa kwenye pakiti, tulifukia. Watoto walinuna.

Hiyo OTC ukinilazimisha niipe nyota nitasema tatu. Inafanya kazi yake, ila imekuwa ya kila kitu. Kuku akikohoa OTC, akiharisha OTC, akifa wanapewa waliobaki OTC. Kwa kideri haisaidii hata chembe. Muuzaji asiyekuuliza kuku anaumwa nini kabla ya kukupa pakiti, badili duka.

Mtetea alipona. Hapo bwana mifugo akaniambia jambo lililonivurugia mipango yote ya mwaka: kuku aliyepona mafua hayo anaweza kubaki na wadudu wale mwilini na kuwaambukiza wengine akiwa mzima kabisa machoni pako. Maana yake kundi langu lote la wakubwa, lililokunywa maji chombo kimoja naye, nilihesabu kuwa kundi moja lenye historia, na vifaranga wapya hawafai kuingizwa humo.

Kwa hiyo nimepanga hivi. Wakubwa wanabaki pamoja, wanataga, nitawapunguza kidogo kidogo kwa kitoweo na sikukuu za Desemba, na dawa ilishatoka mwilini zamani. Banda likibaki tupu nitafagia, nitachoma maranda, nitapaka chokaa na kuliacha lipumzike kabla ya kundi jipya. Kundi jipya litalelewa upande wa pili wa nyumba, maji mbali, vyombo mbali, na mimi naanza kuwahudumia wao kabla ya wakubwa, siyo baada. Kuku yeyote wa kununua anakaa pembeni kwanza, anachanjwa huko, na wiki mbili zipite ndipo ajiunge. Shangazi akileta zawadi ya jogoo kutoka Gairo, naye atakaa pembeni, na shangazi atanisamehe.

Zamu za chanjo zimenipa hata tarehe za kulaza mayai chini ya mtetea. Vifaranga wa mama aliyechanjwa huanguliwa na kinga ya mama, nayo hupungua ndani ya wiki chache. Mayai ni siku 21. Nikilaza wiki sita hivi kabla ya zamu, vifaranga wanakuwa na umri wa wiki tatu siku ya tone, na sina haja ya kufungua chupa kwa ajili yao peke yao. Kwa zamu ya Septemba mwanzoni hiyo ni kulaza mwishoni mwa Julai. Chanjo ya ndui, ya kuchoma kwenye ngozi ya bawa, nitaifuata baadaye kabla mvua hazijaleta mbu.

Na mtetea mweusi sitaki uzao wake upotee. Mafua hayo hayapiti ndani ya yai, kwa hiyo mayai yake nayapangusa, nayaandika tarehe kwa penseli na kuyapeleka kwa yule dada wa nyumba ya pili, ambaye kuku wake mmoja ameshaanza kuatamia mawe. Tumekubaliana vifaranga nusu kwa nusu, majogoo wote wakiwa wake.